Seti ya kokteli ya shilingi 95,000, ndimu za Nakasero na povu la yai

Bei kwanza. Nimelipa shilingi 95,000 za Uganda, na muuzaji alianzia 120,000. Duka liko Kikuubo, hapa Kampala, kwenye ule msongamano ambao ukisimama kuuliza bei unapigwa kumbo na mtu aliyebeba katoni za sabuni kichwani. Jina la duka silitaji, kwa kuwa nina neno nalo huko mbele. Ndani ya boksi kuna kopo la chuma la kutikisia lenye vipande vitatu, yaani kopo lenyewe, shingo yenye matundu ya kuchujia na kofia ndogo ya juu. Kuna kipimo chenye vikombe viwili, kimoja kimeelekea juu na kingine chini. Kuna kichujio chenye springi kuzunguka ukingo, kijiko kirefu chenye mpini uliosokotwa, mchi mdogo wa mbao, na stendi ya kuvisimamisha vyote vipendeze machoni pa wageni. Boksi linajigamba kwamba chuma chake hakishiki kutu.

Nimeinunua kwa ajili ya kinywaji kimoja tu. Jumamosi jioni hapa Ntinda huwa tunakusanyika kwangu: Watanzania wawili watatu, shemeji yangu wa Mombasa, Mkongomani mmoja wa Bunia, na jirani yangu Nalongo, ambaye Kiswahili chake amekiokota sokoni na anakisema bila kuogopa mtu. Kila mmoja analeta chake. Zamu yangu ni kokteli chachu: pombe kali, maji ya ndimu, shira na ute wa yai, vinatikiswa mpaka juu panakaa povu jeupe, zito, la unene wa kidole. Si kinywaji kipya. Jerry Thomas, mhudumu wa baa wa New York, alichapisha kanuni za kokteli chachu mwaka 1862. Kule Lima, Mmarekani Victor Morris, aliyefungua baa yake mwaka 1916, ndiye anayetajwa sana kwa pisco sour ya Peru, yaani kokteli chachu ya pisco, pombe kali ya zabibu, na ute wa yai unasemekana uliongezwa baadaye na mhudumu wake, Mario Bruiget. Waperu wanatumia ndimu ndogo za kijani, na hapo ndipo nilipojua kinywaji hiki ni changu. Mimi ni mtoto wa Muheza. Kwa ndimu na machungwa sihitaji mwalimu.

Kwa hiyo ndimu kabla ya chuma. Pale soko la Nakasero utakuta aina mbili zimepangwa mafungu. Kuna yale malimau makubwa ya manjano, ngozi ina mabonde na vilima, mazito mkononi lakini nusu ya uzito ni ganda. Kisha kuna ndimu ndogo za kijani, ngozi nyembamba inayong'aa, ukiikwaruza kwa kucha harufu inakupanda puani papo hapo. Chukua hizo ndogo. Uchague zilizoanza kulainika, hata yenye doa la manjano, maana ndimu ngumu kama gololi itakupa matone matatu na hasira. Nyumbani izungushe mezani kwa kiganja kabla ya kuikata, na ukate kwa upana, si kwa urefu. Kamua siku hiyohiyo utakayokunywa. Maji ya ndimu yaliyolala kwenye friji yana uchungu fulani wa dawa ambao hata sukari haiutoi.

Machungwa msije mkaniletea. Ya Teso, mashariki mwa Uganda, nayapenda sana, tena ni ya kijani kama ya kwetu Muheza, kwa kuwa usiku wa huku hauna baridi ya kutosha kuliondolea ganda ukijani wake. Wageni wa Ulaya wanadhani ni mabichi. Lakini chungwa lina asidi karibu asilimia moja tu, wakati ndimu na limau vina kama tano au sita. Ukitia chungwa badala ya ndimu unapata juisi iliyolewa, na povu lenyewe linakaa kivivu, kwa sababu uchachu ndio unaolisaidia povu la yai lisimame. Pasheni, ndiyo. Pasheni moja iliyochujwa mbegu, pamoja na ndimu, hiyo Kampala nzima itakusifu.

Pombe ninayotumia ni Uganda Waragi, ile ya kawaida isiyotiwa ladha ya nanasi wala nazi. Inanukia kama ile pombe ya gin, na harufu hiyo inapatana na ganda la ndimu kuliko wiski, ambayo kwa ladha yangu inataka limau. Chupa hii nayo ina historia yake: sheria ya mwaka 1965 iliwataka watengenezaji wa vijijini wa enguli, pombe kali ya kienyeji, wawe na leseni na wauze pombe yao kwa kiwanda cha serikali, nacho kikaisafisha na kuitia chupani kwa jina hilo. Leo inatoka Port Bell, Luzira. Tangu viroba, vile vipakiti vya pombe, vipigwe marufuku mwaka 2019, mtu anayetaka kujaribu tu ananunua chupa ndogo ya mililita 200, na hiyo inatosha glasi nne. Waragi ya mtungi, ya kupimiwa kwenye jagi la plastiki, hapana, hata akiileta mjomba wako. Mwaka 2010 kule Kabale makumi ya watu walikufa kwa pombe ya aina hiyo iliyokuwa na methanoli. Methanoli huioni wala huinusi, na povu zuri halikwambii chochote.

Shira haina maneno mengi. Sukari kikombe, maji kikombe, koroga jikoni mpaka iyeyuke, usiiache ikachemka ikawa nzito kama ya visheti. Sukari ya Kakira ina rangi kidogo, shira inatoka ya dhahabu na povu linapata weupe wa maziwa badala ya theluji. Sioni ubaya.

Sasa chuma. Nianze na kilichonifurahisha: kipimo. Kimeandikwa 25 upande mmoja na 50 upande wa pili, nami sikukiamini, nikakiweka juu ya mizani ya keki na kumimina maji, kwa kuwa mililita moja ya maji ni gramu moja. Hamsini ilitimia hasa, lakini mpaka ukingoni, maji yakiwa yamevimba kidogo juu ya mdomo. Maana yake ukimimina kwa mkono wa kawaida, ukaacha nafasi usimwage, unapata pungufu. Kwa bia na soda haidhuru. Kwa kokteli chachu inadhuru, kwa sababu ni mchezo wa mizani: mimi naweka Waragi 50, ndimu 25, shira 20, na ute wa yai moja. Ndimu ikizidi kwa mililita tano tu, shemeji anakunja uso kama amemeza shubiri.

Kijiko kirefu kinakorogea chai ya watu wengi vizuri. Kokteli hii haikorogwi, kwa hiyo sina cha kusema zaidi.

Kopo ndilo lililonifanya niandike. Povu la yai lina utaratibu wake, na utaratibu huo ndio unaoonyesha chombo kizuri na kibaya. Ute wa yai ni maji na protini. Ukiutikisa, protini zinakunjuka na kushikana kuzunguka vipovu vya hewa. Baridi inazichelewesha. Ndiyo maana unatikisa mara mbili: kwanza bila barafu, kama nusu dakika, kwa nguvu za mtu anayedaiwa, kisha unatia barafu na kutikisa tena mpaka mkono uume kwa ubaridi. Ukitia barafu tangu mwanzo, povu linatoka jembamba, linakufa kabla hujafika sebuleni.

Kopo la vipande vitatu halikutengenezwa kwa ajili ya mtikiso ule wa kwanza. Ukitikisa na barafu, hewa ya ndani inapoa, inasinyaa, na chuma kinajibana chenyewe. Bila barafu hakuna kinachokibana. Povu linakua, linasukuma, na kile kikofia cha juu kinaanza kupumua. Ute uliochanganyika na shira ukakupitia mkononi mpaka kwenye kiwiko, nzi wa Ntinda nzima wanapata habari. Dawa yake nimeipata: kitambaa cha jikoni kikavu, ukizungushe juu ya kofia na shingo, kidole gumba kikandamize kofia, mkono wa pili ushike kitako. Kinazuia. Lakini kwa shilingi 95,000 sikutegemea kuvisha kopo kilemba.

Mtikiso wa pili unaleta shida ya upande wa pili. Kinywaji kikishuka chini ya nyuzi sifuri (kinashuka kweli, pombe ndiyo inayokizuia kisigande), shingo inang'ang'ania kopo na haitoki. Nimeona watu wakipiga ukingo wa meza, wengine wanatumia meno. Usipige. Shika pale vipande vinapokutana kwa viganja vyenye joto, subiri kidogo, kisha pinda kwa pembeni badala ya kuvuta juu. Nalongo, aliyekuwa akiangalia haya yote ameegemea mlango, aliuliza: "Mama Neema, hii chombo ya kupika ama ya kupigana?"

Matundu ya kuchujia ya shingo ni madogo na ni machache. Barafu inabaki, sawa, lakini povu nalo linabaki. Unamimina, kinywaji kinatoka chote, halafu nusu ya lile povu ulilolitolea jasho limeganda ndani ya kopo linakutazama. Nilichofanya ni kuacha matundu hayo kabisa, nikavua shingo yote na kuweka kile kichujio cha springi mdomoni mwa kopo, na chini yake, juu ya glasi, kichujio cha chai. Vikanasa vijipande vya barafu na kile kiuzi cheupe cha yai ambacho hakuna anayetaka kukikuta ulimini. Povu likashuka laini, kisha likatulia na kupanda lenyewe juu ya glasi.

Basi ningekisifu kichujio cha springi, na kwa majuma ya mwanzo nilikisifu. Kisha springi ikaanza kutoa alama za hudhurungi. Nilikuwa nakiosha kila mara kwa maji moto na kukikausha kwa kitambaa, maana naijua ndimu inavyokula chuma. Sahani yake haina kutu, springi ndiyo ina kutu, kwa hiyo boksi lilisema kweli kwa sehemu. Springi yenye kutu inayoogelea ndani ya maji ya ndimu sikuitaka tena.

Kwa kulinganisha, nimejaribu kutikisa kwenye chupa ya jemu ya nusu lita, kioo kinene, kifuniko cha chuma cha kukaza. Povu lilikuwa zuri kuliko la kopo! Kifuniko hakivuji hata tone, na unaona ndani, unajua ute umeshapanda au bado. Ubaya wake ni barafu: kioo hakipokei baridi haraka, na vipande vikubwa vikigonga kioo unatikisa huku roho mkononi. Kwa hiyo njia yangu ya sasa ni ya mchanganyiko. Mtikiso mkavu kwenye chupa ya jemu, kisha namimina kwenye kopo la chuma lenye barafu kwa mtikiso wa pili. Mtu wa baa ya hoteli atacheka. Aje aonje.

Kile kipekecho kidogo cha betri, cha kupigia povu la kahawa, nacho kinafanya kazi kwa mtikiso wa kwanza, sekunde ishirini tu. Povu lake lina vipovu vikubwa zaidi na linaanguka mapema. Kwa mtu mwenye bega bovu, ni halali.

Barafu niitaje kwa sababu ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Vile vipande vidogo vya trei ya friji ya nyumbani vinayeyuka kabla kinywaji hakijapoa, na unapata maji. Kutikisa peke yake kunaongeza maji kama robo ya ujazo, hata zaidi. Barafu yenye majimaji inafikisha mbali sana. Mimi nagandisha maji kwenye makopo matupu ya Blue Band, kisha ule mchi wa mbao wa kwenye seti unapata kazi yake ya pekee, kupasua. Umeme ukikatika mchana wa Jumamosi, siku hiyo tunakunywa bia, na hakuna wa kulaumiana.

Mayai. Yai liwe bichi, ndiyo, na wengi hapo ndipo wanapoweka glasi chini. Nalongo mwenyewe anafuga kuku na ndiye anayeniuzia, lakini aliposikia yai halipikwi alisema, "Nnyabo, mimi ngoja nione wewe kwanza." Hofu yake si ya bure. Yai bichi linaweza kuwa na salmonela, na msidanganyane kwamba pombe na ndimu vinaua kila kitu. Haviaminiki kwa kazi hiyo. Mjamzito asinywe kokteli yoyote, hilo halihitaji yai. Mzee au mtu mwenye kinga dhaifu nampa isiyo na yai. Nayachukua yaliyotagwa karibuni, yasiyo na ufa, nayaweka kwenye friji, na kila moja nalivunjia kwanza kwenye kikombe pembeni. Kiini kikipasuka na kuchanganyika, ute huo hauna kazi tena, kwa sababu mafuta ya kiini yanaua povu. Viini vinavyobaki sivitupi: asubuhi napiga pamoja na yai zima, nyanya na kabichi, nakunja kwenye chapati, na roleksi ya Jumapili ina rangi ya kumfanya mtu asali.

Kwa asiyetaka yai kuna maji ya dengu, yale mazito yaliyobaki baada ya kuzichemsha. Vijiko viwili vya chakula, mtikiso uleule. Povu linapanda vizuri na halina shombo. Kuna kiharufu cha maharage mwanzoni, kinapotea ukikwaruzia kungumanga juu. Mkongomani wetu sasa hataki nyingine.

Kungumanga nimeitaja, basi nimalizie hapo. Waperu wanadondoshea juu ya povu matone ya bitta, ile pombe chungu ya viungo. Mimi nina kichupa cha Angostura, kile cha Trinidad chenye karatasi kubwa kuliko chupa, na matone matatu yanatosha. Hayapo kwa ajili ya pambo tu. Povu la yai likikaa dakika chache linaanza kutoa shombo, na pua ndiyo inayokutana nalo kabla ya ulimi. Harufu ya viungo inaifunika. Kungumanga ya Zanzibar, ikwaruzwe papo hapo, inafanya kazi hiyohiyo kwa bei ya pipi.

Sasa, ununue seti au usinunue? Kama unataka vyombo vya kupanga kabatini, stendi inasimama imara na mng'ao wake haujachujuka. Kama unataka kinywaji, nunua kipimo peke yake, kisha nenda maduka ya vyombo wanakouza zile bilauri za chuma za kunywea maji, uchague kubwa moja na ndogo moja inayoingia mdomoni mwake kwa kubana. Jaribu palepale dukani: tia maji, bandika, geuza juu chini. Hizo mbili, ukizipiga kofi moja zikakazana, zinatikisa bila kofia wala shingo, na kwa kuwa ni pana povu lina mahali pa kukulia. Mimi nimeongeza hizo, na lile kopo la vipande vitatu sasa linahifadhi shira.

Kichujio nilikirudisha Kikuubo na risiti yake. Yule kaka alikigeuza geuza, akasema, "Pole dada, nikupe kingine," akatoa cha boksi lilelile, springi ileile. Nikamwomba kikamulio cha ndimu cha alumini kilichoning'inia nyuma yake, kile cha mikono miwili. Akataka niongeze shilingi 8,000, tukamalizana kwa 5,000. Kikamulio hicho kinakamua mpaka ganda linabaki kavu, na mbegu hazipiti.